Pazia Kati ya Vitanda: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jumba la Afya,
Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

MINTARAFU: MTU WA KUMSHIKA MKONO MAMA ANAPOJIFUNGUA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Majengo ya Pumwani, nikalelewa humohumo, na kibanda changu kiko hatua chache kutoka nyumba ya nyanya yangu. Nashona madera, sare za shule na mapazia. Kazi ya mapazia ndiyo inayonilipia kodi. Leo nakuandikia juu ya pazia, na juu ya mama yangu mzazi aliyekesha kwenye benchi la saruji nje ya lango la hospitali huku mimi, mwanawe, nikijifungua ndani peke yangu, hatua zisizofika mia kutoka alipoketi.

Ombi langu ni moja. Kila mwanamke anayekwenda kujifungua katika hospitali ya umma aruhusiwe kuingia na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, akae naye tangu uchungu hadi mtoto atoke na kondo litoke, na saa ile ya kwanza baada ya hapo ambayo mimi nusura inichukue.

Hospitali siitaji, wala wauguzi siwataji. Sina kesi nao. Tangu nijifungue nimezungumza na wateja wangu, kina mama wa Eastleigh, Huruma, Kariobangi, Kayole. Kila mmoja ana hospitali yake na hadithi yake, na hadithi zote zinafanana kama sare za shule moja. Kumtaja mmoja ni kumwonea.

Uchungu ulianza baada ya magharibi, ule wa kuja na kuondoka. Mama alikuwa ameshahamia kwetu wiki mbili kabla, kama ilivyo ada yetu. Mjukuu wa kwanza hazaliwi nyanya yake akiwa mbali. Alinikanda kiuno kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akanitembeza ukumbini, tukazunguka meza mpaka nikaijua kila pembe yake. Uchungu ulipopanda aliniambia, "Pumua, unapita huo, unapita," na kweli ulikuwa ukipita. Saa saba usiku chupa ikapasuka. Mume wangu akamgongea jirani mwenye gari, tukatoka na mkoba wetu: pamba, glavu, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni, leso, nguo za mtoto, na kijitabu cha kliniki kilichojaa mihuri. Sikukosa kliniki hata siku moja.

Langoni askari alikimulika kijitabu kwa tochi, akasema mwenye mimba apite, wengine wangoje hadi saa saba mchana, wakati wa kuona wagonjwa. Mume wangu hakuomba. Kwetu waume hawaingii mambo hayo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kutetemeka. Aliyeomba ni mama. "Mwanangu, mimi nimezaa sita. Sitamsumbua mtu. Nitakaa nimenyamaza." Yule askari hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa adabu, "Mama, si mimi, ndivyo ilivyo hapa." Mama akavua leso aliyojitanda mabegani, akanitupia shingoni, akauachia mkono wangu.

Wodi ya kujifungulia ilikuwa na vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu ule, nasi tulikuwa wanawake wanane. Wawili waliketi kwenye viti vya plastiki wakisubiri kitanda. Taa zinawaka kama mchana. Nikapimwa njia, nikaambiwa nimefungua sentimita nne, nikaonyeshwa kitanda cha mwisho kilicho karibu na dirisha.

Hapo ndipo nilipoliona bomba. Juu ya kila kitanda palikuwa na bomba la pazia lililopinda kufuata umbo la kitanda, rangi yake nyeupe imebanduka. Aliyejenga wodi ile alikusudia pazia. Kwenye bomba langu zilining'inia pete kumi na moja za chuma, zimeshika kutu kwa chini. Kitambaa hakuna. Mwanamke mwenye uchungu hutafuta kitu cha kukamata, na nisipokuwa na mkono wa mama nilikamata zile pete kwa macho. Nikazihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi. Ya nne ilikuwa imepinda. Hadi leo ninapotia pete kwenye pazia la mteja, mkono wangu husita kwenye pete ya nne.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mheshimiwa. Kwenda dukani kununua maziwa huvaa buibui. Usiku ule nililala miguu imekunjwa, nguo imepandishwa hadi kifuani, na mhudumu wa kiume akapita na pipa la taka, akapita tena kulirudisha. Kulipopambazuka wakaja wanafunzi wa udaktari watano na mwalimu wao. Walisimama miguuni pangu, wakazungumza kwa Kiingereza juu ya njia yangu, wakahamia kitanda cha pili. Hakuna aliyeniuliza kama naridhia. Hakuna hata aliyenisalimu. Sijui kama walikuwa wabaya. Nadhani hawakufundishwa tu. Nilijifunika kwa leso ya mama, na kila nilipojipindua ikaanguka.

Wauguzi walikuwa wawili kwa wanawake wote wale. Yule mkubwa, mtu wa makamo, hakuketi tangu nilipoingia. Mkate wake aliouuma mara moja ulikaa juu ya rundo la mafaili hadi ukakauka pembeni. Nayasema haya kwanza ili ujue ninaposema la pili silisemi kwa chuki. La pili ni kwamba nilipolia kwa sauti, karibu na alfajiri, aliniambia kutoka kitanda cha mbali, "Usinipigie kelele. Ulipokuwa ukiitafuta hiyo mimba ulipiga kelele?"

Mimi nina mume. Tulifunga ndoa yetu mbele za watu, na mimba ile tuliiomba kwa Mungu miaka mitatu. Nilinyamaza. Nilinyamaza kabisa, na nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu kunyamaza huko kulikuja kunigharimu.

Neno hilo si langu peke yangu. Wateja wangu wanalijua, wengine neno kwa neno. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwauliza wanawake waliotoka kujifungua, na mmoja kati ya watano alisema alifedheheshwa. Mmoja kati ya watano. Foleni ya kliniki ninapompeleka binti yangu chanjo huwa na wanawake arobaini. Nane kati yao.

Nilijifungua saa moja na dakika ishirini asubuhi. Msichana, ana nywele hadi masikioni. Sista yule yule ndiye aliyenipokelea, na mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, mikono ya mtu aliyefanya kazi hiyo maelfu ya mara. Akaniwekea mtoto kifuani, akanidunga sindano pajani, kondo likatoka, akalitazama pande zote mbili. Kisha akaitwa. Ulikuwa wakati wa kupokezana zamu, wauguzi wa usiku wanasoma ripoti kwa wauguzi wa mchana pale mezani, na huko mbele mwanamke mwingine alikuwa akisukuma.

Nikabaki na binti yangu. Nikaona baridi. Nikajua ni uchovu. Nikaanza kusinzia, usingizi mtamu, wa kuvutwa chini polepole, na nikafikiri: sasa nilale kidogo. Sikuwa na maumivu yoyote. Na hata kama ningehisi kuna jambo, nilikuwa nimeshaambiwa nisipige kelele.

Aliyeona ni dada wa kitanda cha pili. Sikumjua, yeye mwenyewe yumo katika uchungu, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Aligeuza uso upande wangu uchungu ulipomwachia, akaona damu inadondoka kutoka ukingo wa godoro hadi sakafuni, na dimbwi limeshafika kwenye gurudumu la kitanda chake. Akapiga ukelele ambao hata askari wa lango aliusikia. "Sista! Huyu anamwaga! Sista!"

Sista akaja mbio. Yule yule. Alikuwa ameshavaa sweta lake la kwendea nyumbani. Akalivua akalitupa, akanikandamiza tumbo kwa ngumi, akanisugua kizazi mpaka nikaona nyota, akaita dripu, akaita dawa, akaita daktari. Alinipiga mashavu nisilale. "Mama, nitazame mimi. Jina la mtoto ni nani? Niambie jina." Nikamwambia. Aliendelea kuniuliza jina lile tena na tena, nami namjibu, mpaka damu ikasimama.

Ninayajua mambo haya sasa kwa sababu niliyauliza baadaye, kliniki. Mama akipoteza zaidi ya nusu lita ya damu baada ya kujifungua, hiyo tayari ni hatari. Mzazi hufa kwa damu kuliko kwa kitu kingine chochote hapa kwetu, na anaweza kufa katika muda usiofika saa mbili. Kizazi kinachokataa kujikaza hakipigi kengele. Anayekiona ni mtu aliye kando, mwenye macho na asiye na kazi nyingine.

Mtu huyo alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji.

Yaliyofuata ni madogo lakini siwezi kuyaacha. Nilipotulia, dada wa kitanda cha pili ndiye aliyekuwa akisukuma, na wale wanafunzi walikuwa wanarudi mlangoni. Sista alitazama huku na huku. Akaokota leso ya mama iliyoanguka, ile yenye jina WEMA HAUOZI, akapanda juu ya kiti, akaifunga fundo kwenye pete mbili upande mmoja na pete mbili upande wa pili. Haikufika hata nusu ya kitanda. Lakini nyuma yake yule dada alijifungua mtoto wa kiume bila kutazamwa na mtu asiyehusika. Zamu ya sista ilikuwa imekwisha kitambo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, usisome barua hii ukamtafuta muuguzi wa kumwadhibu. Mtu aliyenitusi na mtu aliyeniokoa ni mmoja, na kati ya tusi na wokovu kulikuwa na wanawake wanane, mikono minne, na mkate usioliwa.

Mama aliniona saa saba mchana. Aliingia na chupa ya uji wa pilipili manga, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniona nilivyopauka. Hakusema kitu mpaka alipomaliza kunilisha. Kisha akasema, "Usiku kucha nilisikia wanawake wanalia, sikujua ni yupi wewe. Nikawaitikia wote." Alikuwa ameketi pale nje, kila sauti inapopaa yeye anajibu chini kwa chini: pumua, unapita huo, unapita.

Nyanya yangu alizaa watoto wanane humu Majengo, kwenye chumba kimoja cha udongo, na wanawake wamejaa. Mkunga mbele, dada mgongoni, mashoga wanachemsha maji. Lakini sitaki kuisifu zama ile kupita kiasi: wawili kati ya wanane hawakufika siku ya arobaini, na jirani yake alikufa kwa damu hiyo hiyo ninayokueleza, wanawake wote wamemzunguka hawana sindano. Mimi nilikuwa na sindano bila wanawake. Sioni kwa nini Mkenya lazima achague kimoja.

Serikali imetuomba tuje hospitali na tumekuja. Tarehe 1 Juni 2013 ilitangazwa kwamba kujifungua katika vituo vya umma ni bure. Ikaja Linda Mama, mpango wa serikali wa kugharamia uzazi, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mimi nilikuwa nimejiandikisha, na hospitali hulipwa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida. Kwa upande wa malipo sikusumbuliwa, nashukuru. Mwaka 2014 wanawake 62 kati ya 100 walizalishwa na mtaalamu. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 89. Hilo ni jambo kubwa. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Tumekuja hospitali, na bado tunakufa, na wengine wetu tunakufa tukiwa tumelala mita chache kutoka kwa dawa kwa sababu hakuna aliyekuwa akitutazama.

Ninaloliomba si la kubuni kwangu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu na kujifungua. Kabla ya hapo, mwaka 2017, tafiti za nchi 17 zilikusanywa pamoja, zaidi ya wanawake 15,000, na ikaonekana wanaokuwa na mtu kando yao muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao huwa mfupi zaidi, na wachache zaidi hupasuliwa. Hakuna dawa iliyotumika hapo. Ni mkono tu, na sauti ya mtu unayemjua.

Wala sheria haikosekani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya mtu, cha 31 kinalinda faragha yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikarudia: kila mtu atatendewa kwa heshima na faragha yake itunzwe. Na mahakama imeshasema. Kuna mama mmoja wa Bungoma aliyejifungua sakafuni hospitalini mwaka 2013. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 akashinda. Ikaamriwa aombwe radhi na alipwe shilingi milioni 2.5. Izingatie hesabu hiyo, nitaifikia.

Nimewauliza wauguzi ninaowashonea sare kwa nini mama zetu hawaingii. Kila mmoja alinipa jibu moja kabla ya mengine yote: wodi iko wazi. Mtu wa huyu ataona uchi wa yule. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nisingependa mume wa mtu anione nilivyokuwa. Lakini basi ugumu si watu, ugumu ni kitambaa. Na kitambaa, Mheshimiwa, ndiyo kazi yangu.

Chukua wodi ya vitanda sita kama ile. Safu moja ya vitanda vitatu iliyoegemea ukuta inahitaji vigawanyo viwili, kila kimoja mita 2.2, na mbele mita 2 kwa kila kitanda. Hiyo ni mita 10.4. Safu mbili ni karibu mita 21. Pazia la hospitali halihitaji marinda mengi kama la sebuleni, kwa hiyo zidisha kwa moja na nusu: mita 32 za kitambaa cha upana wa mita 2.8. Mimi nikinunua Eastleigh kwa jumla, kitambaa kizito kinachohimili maji moto na dawa ya madoa hunigharimu shilingi 400 kwa mita. Mita 32 ni shilingi 12,800. Lazima ziwe seti mbili, moja iko juu na moja iko kwenye dobi: 25,600. Uzi, utepe na pete, 6,000. Mabomba kama hayapo, mafundi wa jua kali wa Kamukunji waliniambia watayakata, kuyapinda na kuyafunga kwa 18,000.

Jumla ni shilingi 49,600. Gharama ya kushona sijaitia kwa sababu siidai.

Sasa irudie ile milioni 2.5. Ni wodi hamsini.

Na pazia lenyewe nimelifikiria usiku mwingi nikinyonyesha. Juu liwe na wavu wa sentimita 40, hewa ipite na muuguzi aweze kuiona dripu akiwa mezani. Chini liishie sentimita 30 kutoka sakafuni. Watu watadhani nimepunja kitambaa. La, ni ili sakafu ionekane. Damu yangu ilionekana kwa sababu hapakuwa na pazia, na sitaki kushona pazia litakalomficha mwingine. Rangi iwe ya kijani hafifu au samawati hafifu, doa lionekane mapema lifuliwe. Pete zisiwe za chuma.

Yako mambo mengine yanayosemwa. Kwamba watu watajaa: awe mmoja, aandikwe jina kliniki mama akiwa na mimba ya miezi saba, apewe kitambulisho na joho la kuvaa. Kwamba wataleta maradhi: wanawe mikono kama sisi tunavyonawa. Kwamba wataiba watoto: aliyeandikwa kwa jina na kitambulisho chake atamwibaje mjukuu wake? Kwamba watawagombeza wauguzi, hili ndilo ninaloliona lina uzito, na jawabu lake ni kuwafundisha mapema, siku moja ya kliniki, yepi wafanye na yepi waache: kumkanda mama mgongo, kumnywesha maji, kumtembeza, kumwita sista damu ikizidi, kukaa kimya daktari anapofanya kazi. Mama yangu angeyashika hayo yote kwa dakika kumi. Wauguzi wangepata jozi nane za macho ya ziada bila mshahara.

Kama mama anamtaka mume wake, awe mume. Kama anamtaka dada, shoga au jirani, awe huyo. Mwenye pesa za hospitali ya kibinafsi hapa Nairobi hupewa chumba chake na mumewe ameketi kando. Tunaouza mboga na kushona sare ndio tunaoambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani kiafya.

Najua utaniambia hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Najua, Jedwali la Nne la Katiba limegawa hivyo. Lakini sera na viwango ni kazi ya wizara yako. Waraka mmoja kutoka Jumba la Afya, wenye sahihi yako, ukisema kwamba kuanzia tarehe fulani hakuna mwanamke atakayejifungua peke yake ila kwa kutaka mwenyewe, ungefika kwenye kila lango, na yule askari mwenye tochi angekuwa na jambo jingine la kumwambia mama wa mtu. Usiseme hospitali zisubiri bajeti ya mapazia ndipo ziruhusu. Anzeni na wanawake wenzetu hata leo, kwa leso na mafundo kama sista alivyofanya, na mapazia yafuate.

Binti yangu ana miezi saba. Ameanza kuketi. Nikikata kitambaa huketi juu ya vipande na kuvitafuna, na mama yangu huvitoa kinywani mwake kimoja kimoja akimwita mwizi wa vitambaa.

Jumapili nafunga kibanda. Nipatiwe barua ya ruhusa ya kuingia katika wodi moja tu, yoyote utakayoichagua, niingie na tepu na daftari, nipime vitanda. Jumatatu nitaanza kukata.

Wako mwaminifu,

Mama na fundi cherehani,
Majengo, Nairobi.